Kupima virusi vya muhogo Mtwara na Lindi: jicho, simu, ELISA, PCR au LAMP?

Watu wa kusini wakisema "tupime muhogo" huwa wanauliza maswali matatu tofauti. Mwenye shamba la chakula anataka kujua kama avune mapema kabla mizizi haijaoza. Mzalishaji wa pingili anataka kujua kama mashina anayouza yana virusi. Mtafiti au mwanafunzi anataka kujua ni kirusi kipi na kipo kwa wingi gani. Kila swali lina kipimo chake. Fedha nyingi hupotea pale kipimo cha swali la tatu kinaponunuliwa kujibu swali la kwanza. Hasara kubwa zaidi huja pale kipimo cha swali la kwanza kinapotumika kuidhinisha mbegu.

Hapa zinalinganishwa njia sita, kwa mazingira ya Mtwara na Lindi: joto, unyevu wa mwambao, umeme unaokatika, na maabara kubwa iliyoko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 550 kwa barabara kutoka Mtwara mjini.

Ugonjwa mmoja uko juu ya mmea, mwingine uko chini

Ugonjwa wa kwanza, batobato, husababishwa na virusi vya kundi la begomovirusi. Urithi wao ni DNA ya uzi mmoja iliyofungwa duara, katika vipande viwili, kila kimoja kikiwa na herufi 2,700 hadi 2,800 hivi. Katika mwambao aina inayoonekana zaidi ni ile ya Afrika Mashariki, EACMV. Dalili zake ziko kileleni: majani machanga hupindana, husinyaa, na kijani huchanganyika na njano.

Ugonjwa wa pili, michirizi ya kahawia, ulielezwa kitaalamu na H. H. Storey wa kituo cha utafiti cha Amani mwaka 1936. Virusi vyake ni viwili vinavyokaribiana, CBSV na UCBSV, na urithi wao ni RNA yenye herufi takriban 9,000. Dalili zake ziko chini: njano kwenye majani yaliyokomaa, michirizi ya kahawia kwenye shina bichi, na ndani ya mzizi uozo mkavu wa kahawia, mgumu kama kizibo. Jani halijikunji hata kidogo, ndiyo maana shamba lenye michirizi linaweza kumpendeza mpita njia. Katika aina zisizostahimili, uzito wa mizizi unaweza kupungua hadi asilimia 70.

Magonjwa yote mawili huenezwa na inzi weupe. Virusi vya michirizi, hata hivyo, havidumu muda mrefu ndani ya inzi, kwa hiyo haviendi mbali naye. Safari ndefu, ya kutoka Newala hadi Liwale kwa mfano, hufanywa na mzigo wa mashina yaliyofungwa kwa kamba juu ya gari.

DNA ni imara, RNA ni dhaifu. Maabara ndogo inaweza kupima batobato kwa vifaa vya kawaida na kufaulu, kisha ikashindwa kabisa kwenye michirizi ikitumia vifaa vilevile na mikono ileile.

Kabla ya mashine, jani

Majibu mengi ya uongo huanzia shambani. Kwa batobato chukua jani changa lililofunguka, la kwanza hadi la tatu kutoka kileleni. Kwa michirizi chukua jani la chini lililokomaa, lenye dalili kama ipo, ambalo bado limeshika vizuri kwenye shina. Virusi vya michirizi havijatawanyika sawasawa ndani ya mmea. Ukituma majani ya kileleni peke yake, hata mashine ya bei kubwa kuliko zote itaandika "hakuna" kwa mmea unaoumwa. Kwa mmea usio na dalili, changanya jani moja la katikati na moja la chini.

Wakati nao ni sehemu ya kipimo. Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Muhogo uliopandwa mwanzo wa mvua huwa na majani kamili Machi hadi Mei. Ikifika Agosti na Septemba mmea umeshapukutisha majani ya chini, na ushahidi wa michirizi umekwenda nayo. Anayekuja kukagua majani mwezi wa Septemba anakagua batobato tu, hata kama fomu yake ina safu mbili.

Jicho na kisu

Njia hii hudharauliwa, na kwa swali la kwanza hakuna inayoishinda. Pita shamba kwa mistari miwili ya mshazari, kona hadi kona, na simama kwenye mimea 30 kwa vipindi sawa. Usichague mmea ulio mbele ya macho kwa sababu una dalili nzuri ya kupiga picha. Kila mmea upe alama 1 hadi 5, ambapo 1 ni hakuna dalili na 5 ni dalili kali, tena kwa safu tatu zinazojitegemea: batobato, michirizi kwenye jani na shina, na michirizi kwenye mzizi. Mzizi husomwa wakati wa kuvuna, miezi 10 hadi 12. Kata kila mzizi kwa kuupasua kiupana mara tano, kutoka shingoni hadi mkiani, kwa sababu uozo huja kwa mabaka: vipande viwili vya kwanza vinaweza kuwa vyeupe kabisa na cha tatu kikawa cha kahawia.

Kinachowachanganya hata mabwana shamba wazoefu ni njano. Shika jani la chini, lielekeze kwenye jua, uangalie njano imekaa wapi. Ikifuata mishipa midogo na kutambaa pembeni yake kama unyoya, hiyo ni michirizi. Mishipa ikibaki kijani na njano ikawa katikati yake, fikiria upungufu wa magnesiamu. Jani zima likigeuka njano sawasawa na kikonyo kikilegea, huo ni uzee. Kwenye majani machanga, vitone vingi vidogo vya njano pamoja na jani lililodumaa ni kazi ya utitiri wa kijani, na mistari myeupe kati ya mishipa kwenye ardhi ya kichanga mara nyingi ni upungufu wa zinki. Hivi viwili vya mwisho huandikwa "batobato" mara kwa mara, na takwimu za wilaya zinavimba bure.

Jicho hushindwa kabisa kwenye aina zinazostahimili. Kiroba, kwa mfano, huambukizwa michirizi, ikaonyesha dalili hafifu kwenye majani au isionyeshe, na mizizi ikabaki ya kuliwa. Kwa mwenye shamba la chakula hiyo ni neema. Kwa mzalishaji wa pingili ni mtego, kwa kuwa mmea huo ni ghala la virusi kwa mashamba jirani.

Simu

Programu ya Nuru, iliyotengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania pamoja na Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Tropiki (IITA), husoma picha ya jani na kutofautisha batobato, michirizi na madhara ya utitiri wa kijani. Inafanya kazi bila intaneti, jambo kubwa kwa anayekagua vijiji vya ndani vya Nanyumbu au Liwale. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2020, ilipatia kwa asilimia 65, maafisa ugani asilimia 40 hadi 58, na wakulima asilimia 18 hadi 31. Kwa kupima majani sita ya mmea mmoja, usahihi ulipanda hadi asilimia 74 hadi 88. Basi usiishie kwenye jani moja. Kivuli cha mkono juu ya jani, vumbi la barabara na jua la saa sita huiharibia kazi. Zaidi ya yote, simu huona kile ambacho jicho lingeweza kuona: mmea wenye virusi usio na dalili utapita.

ELISA

ELISA hutumia kingamwili zinazonasa ganda la protini la kirusi kwenye sahani ya vishimo 96. Jani husagwa kwenye bafa (kimiminika kinachodhibiti uchachu) kwa uwiano wa 1 kwa 10, sahani huachwa usiku kucha kwenye nyuzi 4, huoshwa, na siku ya pili rangi husomwa kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 405. Kwa kawaida kishimo huhesabiwa kuwa na virusi kikivuka mara mbili ya wastani wa mimea isiyo na virusi.

Kwa batobato ni chaguo la heshima: sampuli nyingi kwa pamoja, hakuna RNA ya kulinda, na umeme unaokatika dakika 20 hauiui kazi. Kwa michirizi nisingeichagua. Virusi vikiwa vichache, kama ilivyo kwenye aina zinazostahimili, usomaji hukaa karibu na mstari wa mpaka na kila mtu hutafsiri anavyopenda. Kosa la kila siku ni kuosha kwa haraka: bafa ya kuoshea, yenye Tween asilimia 0.05, inatakiwa ikae kishimoni dakika tatu, mara tatu, na sahani ipigwe kwenye taulo la karatasi hadi ikauke. Vishimo vya ukingoni hupata joto haraka kuliko vya katikati, kwa hiyo usipange sampuli zako zote za shamba moja ukingoni.

RT-PCR ya kawaida

PCR hunakili kipande cha urithi wa kirusi mara nyingi hadi kionekane, na RT ni hatua ya kwanza ya kugeuza RNA kuwa DNA. Hapa ndipo maabara nyingi za vyuo hutaka kuanzia, na ndipo nyingi hukwama. Mashine yenyewe ni rahisi. Ugumu uko kwenye kuitoa RNA ndani ya jani la muhogo, ambalo lina utomvu, wanga na polifenoli, vyote vikiwa adui wa vimeng'enya.

Bafa ya CTAB ni ya zamani lakini bado inaongoza kwa bei na uvumilivu: CTAB asilimia 2, chumvi ya NaCl mola 1.4, EDTA milimola 20, Tris-HCl milimola 100 yenye pH 8.0, PVP asilimia 2, na betamerkaptoethanoli kidogo inayoongezwa asubuhi ya kazi tu, ndani ya kabati la kuvuta hewa. Saga miligramu 100 za jani bichi, au 20 za jani kavu, kwenye mililita 1 ya bafa. Weka kwenye nyuzi 65 kwa dakika 30, ukitikisa kila baada ya dakika 10. Ongeza ujazo sawa wa mchanganyiko wa klorofomu na alkoholi ya isoamili, 24 kwa 1, zungusha dakika 10 kwa kasi kubwa, kisha vuta maji ya juu bila kugusa utando mweupe wa katikati. Rudia klorofomu mara ya pili. Kwa muhogo mara moja haitoshi. Ukitaka DNA na RNA pamoja, shusha kwa isopropanoli baridi, 0.6 ya ujazo. Ukitaka RNA peke yake, ongeza kloridi ya lithiamu ya mola 10, robo ya ujazo ulionao, uiache usiku kucha kwenye nyuzi 4. Osha kwa ethanoli asilimia 70, acha ikauke, yeyusha kwenye mikrolita 50 za maji safi yasiyo na vimeng'enya vya kula RNA.

Chumba chenye joto la nyuzi 32 kina tabia yake: klorofomu hudondoka yenyewe kutoka kwenye ncha ya pipeti kabla hujafika kwenye kijichupa. Ivute na kuirudisha mara mbili tatu ili mvuke wake ujaze ncha, ndipo upime.

Ukisoma usafi kwa mwanga, uwiano wa nanomita 260 kwa 280 karibu na 2.0 unapendeza kwa RNA, lakini kwa muhogo tazama zaidi ule wa 260 kwa 230. Ukiwa chini ya 1.5, wanga au polifenoli bado zimo. Dawa ya haraka ni kupunguza sampuli mara 10 kwa maji na kuipima sambamba na ile nzito. Nyepesi ikitoa mstari kwenye jeli na nzito isitoe, tatizo lilikuwa kizuizi. Zote mbili zikinyamaza, angalia jini ya mmea wenyewe iliyopimwa kwenye sampuli hiyohiyo. Nayo ikinyamaza, hukupata "hakuna virusi", hukupata kitu.

Baada ya RNA kugeuzwa kuwa cDNA (nakala yake ya DNA), praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha pa kuanzia kunakili) za CBSDDF2 na CBSDDR huvikamata virusi vyote viwili kwa mara moja: CBSV hutoa kipande cha herufi 344, UCBSV kipande cha takriban 440. Mizunguko 35 inatosha. Tumia jeli ya agarosi ya asilimia 2 na uikimbize hadi rangi ya mbele ifike theluthi mbili ya njia. Kwenye jeli ya asilimia 1 iliyokimbizwa nusu saa kwa haraka, vipande hivyo viwili huonekana kama mstari mmoja mnene, na maambukizi ya virusi viwili pamoja huandikwa kama kimoja. Kama meza yako ya kusomea jeli ni ya mwanga wa urujuanimno, vaa kinga ya uso mzima, si miwani peke yake. Taa ya buluu ya LED pamoja na rangi inayolingana nayo ni salama zaidi na haikati DNA.

Kila duru iwe na sampuli nne za ulinzi: mmea unaojulikana una virusi, mmea safi uliokuzwa ndani ya chupa maabara, maji matupu, na bafa iliyopitia hatua zote za kutoa RNA bila jani. Ya nne ndiyo huachwa mara nyingi, na ndiyo inayokamata bafa iliyochafuka.

qPCR

Hatua za mwanzo ni zilezile. Kinachobadilika ni usomaji. Kichunguzi chenye rangi hung'aa kadiri kipande kinavyoongezeka, na mashine huandika mzunguko ambao mng'ao ulivuka mstari, yaani Ct. Ct ndogo maana yake virusi vingi. CBSV na UCBSV hupewa rangi tofauti, na jini ya mmea, kwa kawaida ya sitokromu oksidesi, hupimwa pamoja ili kuthibitisha kwamba RNA ilikuwepo. Hakuna jeli, kijichupa hakifunguliwi baada ya kazi, na uwezo wake wa kuona virusi vichache unaipita PCR ya kawaida kwa mbali. Kwa Kiroba na ndugu zake, hii ndiyo njia.

Ct kubwa kuliko 35 isikimbiliwe kuitwa virusi, wala isitupwe. Rudia kwa kutoa RNA upya kutoka jani lililobaki. Ikirudi palepale, mmea huo hautoi mbegu.

Upungufu wake kusini ni wa kawaida: mashine ghali inayohitaji umeme tulivu kwa saa mbili, vichunguzi vinavyoharibiwa na mwanga, na friza. Kwa friza, vimeng'enya vyenye gliseroli huvumilia saa kadhaa za kukatika umeme kama mlango haufunguliwi na friza imejazwa chupa za maji ya barafu. Kinachokufa kwanza ni RNA yenyewe. Igeuze iwe cDNA siku hiyohiyo. Epuka friza linalojiyeyusha barafu lenyewe. Hupandisha joto kila siku bila kukuambia.

LAMP

LAMP hufanya kazi kwenye joto moja tu, nyuzi 60 hadi 65, kwa dakika 30 hadi 60, ikitumia praima nne hadi sita. Kwa michirizi huongezwa kimeng'enya cha kugeuza RNA. Huvumilia sampuli chafu kuliko PCR, na betri inatosha kuiendesha. Kwa anayetaka jibu kando ya shamba kabla lori la mashina halijaondoka, haina mpinzani.

Ina makosa mawili ya kujua mapema. La kwanza: LAMP hutengeneza DNA nyingi mno, na kijichupa kimoja kikifunguliwa baada ya kazi, chumba kizima kitatoa majibu ya "ndiyo" kwa wiki kadhaa. Usifungue. Vitupe vikiwa vimefungwa, nje ya chumba cha kuandalia. La pili ni la zile za kubadili rangi kutoka waridi kwenda njano. Rangi hiyo hufuata uchachu, na maji ya jani yenye asidi huigeuza kuwa njano kabla joto halijaanza. Piga picha ya vijichupa kabla na baada. Kilichokuwa njano tangu mwanzo hakihesabiwi. Aina inayosoma mng'ao haina ugonjwa huo, ila inahitaji kifaa.

| Njia | Mmea usio na dalili | Muda hadi jibu | Hushindwa zaidi na |
|---|---|---|---|
| Jicho na kisu | Haioni | Palepale. Mzizi wakati wa kuvuna | Aina zinazostahimili, kiangazi |
| Nuru | Haioni | Dakika chache | Jani moja, mwanga mkali |
| ELISA | Batobato huona. Michirizi kwa shida | Siku 2 | Kuosha vibaya, virusi vichache |
| RT-PCR | Huona | Siku 2 | Vizuizi vya muhogo, jeli fupi |
| qPCR | Huona vizuri | Siku 1 hadi 2 | Umeme, gharama |
| LAMP | Huona | Saa 1 hadi 2 | Uchafuzi, rangi ya uongo |

Mimea mingapi?

Hapa ndipo mashine nzuri hupotezewa maana. Ukipima mimea 30 na yote ikawa safi, unachoweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 ni kwamba maambukizi hayazidi takriban asilimia 10. Kanuni ya haraka: gawanya 3 kwa idadi ya mimea uliyopima. Mimea 100 safi inakupa asilimia 3. Mimea 300 inakupa asilimia 1.

Ekari moja iliyopandwa kwa nafasi ya mita 1 kwa 1 ina mimea kama 4,000. Asilimia 1 ni mimea 40. Kila shina likitoa pingili 10, msimu ujao una pingili 400 zenye virusi, kabla inzi weupe hawajaongeza za kwao. Mzalishaji aliyepima mimea 30 kwa qPCR na kubandika cheti cha maabara ukutani ana mashine nzuri na hesabu mbovu.

Njia ya kupunguza gharama ni kuchanganya. Kata kipande cha ukubwa uleule kutoka majani ya mimea 10, yasage pamoja, na mimea 300 inakuwa vipimo 30. Kwenye qPCR, mmea mmoja mgonjwa ndani ya kundi la 10 huonekana ukiwa umepunguzwa mara 10, yaani Ct inapanda kwa mizunguko 3.3 hivi. Mmea uliokuwa na Ct 25 utasomeka 28, haukukimbii. Uliokuwa na 34 utasomeka zaidi ya 37, na unaweza kupotea. Kwa aina zinazostahimili tumia makundi ya 5. Kwa ELISA ya michirizi usichanganye kabisa, na kwa PCR ya kawaida usizidi mimea 3 hadi 5.

Nani achague nini

Mwenye shamba la chakula: kisu. Kuanzia muhogo ukifika miezi sita, ng'oa mmea mmoja mmoja kwenye pembe tofauti za shamba na upasue mizizi. Uozo ukianza kuonekana, vuna mapema, kwa sababu unaongezeka kadiri mzizi unavyokaa ardhini. Kulipia maabara hakutaubadilisha uamuzi huo.

Afisa ugani mwenye vijiji vingi: Nuru kwa majani sita, pamoja na jicho, kati ya Machi na Mei. Matokeo yatumike kuchagua mashamba ya kupimwa zaidi, yasitumike kutangaza kwamba kijiji fulani ni safi.

Mzalishaji wa pingili: jicho kwa batobato, ukingoa kila mmea wenye dalili miezi ya mwanzo, na qPCR ya makundi kwa michirizi kwenye kitalu mama. Mashamba ya kuzidishia yanaweza kukaguliwa kwa jicho, lakini kitalu mama hapana. Jibu la maabara halichukui nafasi ya ukaguzi wa TOSCI (taasisi ya taifa ya ubora wa mbegu), ambao ndio wenye mamlaka ya kuthibitisha mbegu. LAMP itumike kwenye mzigo unaosafirishwa kutoka wilaya moja kwenda nyingine, na wafanyao kazi hiyo wawe wamefundishwa kuhusu kutofungua vijichupa, la sivyo bora wasianze.

Chuo au maabara ndogo inayoanza: anzeni na PCR ya batobato, ambayo ni DNA, kwa praima za EACMV. Hapo mtajifunza klorofomu, jeli, sampuli za ulinzi na kutenganisha meza ya kuandalia na meza ya jeli, kila moja na pipeti zake. Mkipata matokeo yaleyale kwenye sampuli zilezile mara tatu mfululizo, ndipo muingie kwenye RNA. Wanaoanzia kwenye qPCR ya michirizi kwa sababu mfadhili ameleta mashine humaliza vichunguzi kabla hawajajua kwamba bafa yao ndiyo yenye kasoro.

Kwa wanaotuma sampuli Dar es Salaam

TARI Mikocheni, kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, imefanya kazi ya virusi vya muhogo kwa miaka mingi. Kabla ya kufunga mzigo, wasiliana na maabara utakayoituma ukubaliane idadi, makundi na njia.

Usitie majani mabichi kwenye mfuko wa plastiki. Ndani ya basi, kutoka Masasi au Nachingwea, jasho la majani hugeuka maji, ukungu unaota, na RNA inaliwa. Jani likaushwe kwa kubanwa kati ya karatasi za gazeti, zikibadilishwa kila siku kwa siku tatu za mwanzo, kisha lihifadhiwe ndani ya bahasha ya karatasi. Jani lililobanwa vizuri hutoa RNA ya kutosha kwa RT-PCR hata baada ya wiki kadhaa. Miezi ya masika unyevu hauruhusu gazeti kukausha peke yake: weka bahasha kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na chembe za jeli ya silika, gramu 10 kwa kila gramu 1 ya jani, na ubadilishe chembe zikigeuka rangi.

Andika kwa penseli, kwa kuwa wino wa kalamu hufutwa na ethanoli. Kwenye kila bahasha kuwe na namba ya mmea, aina ya muhogo, umri kwa miezi, jani lilikotoka (juu, katikati, chini), alama ya dalili 1 hadi 5, kijiji na tarehe. Nafasi ya jani ikikosekana, maabara haiwezi kujua kama "hakuna virusi" ni jibu la mmea au ni jibu la jani la kileleni.